Kamati ya zabibu: anayejua ananyamaza

Swali (Hombolo, Dodoma): Wakuu, kamati yetu ya watu 7 inachagua mnunuzi. Kikao kinarudia bei tu. Anayejua kwamba mnunuzi fulani huchelewesha malipo anakaa kimya. Tufanyeje?

Jibu: Mkuu, hilo walilipima watafiti wa saikolojia Stasser na Titus, Marekani, 1985: kundi hujadili zaidi kinachojulikana na wote, cha mtu mmoja kinazama. Kila mjumbe aandike anachojua kabla ya kikao, katibu asome vyote, ndipo mjadili. Msianze kwa kutaja chaguo. Mtu akishalitaja hulitetea.

Jibu: Mwenyekiti aongee mwisho. Gaweni maeneo hadharani: huyu malipo, huyu mizani, huyu usafiri. Wajumbe watajua wa kumuuliza.

Jibu: Asiyependa kuandika, katibu ampigie simu siku moja kabla.