MREJESHO: Kupiga picha za watu kazini, Kariakoo na Feri

Wakuu, niliomba ushauri wa kupiga picha za watu wakiwa kazini Dar bila kutimuliwa. Ule wa kunywa kahawa kwanza, kamera ikiwa begini, umejibu. Muuza kahawa wa Kariakoo ndiye aliyenitambulisha kwa wapiga debe na wabeba mizigo.

Feri, kule soko la samaki, nenda asubuhi na mapema, jua likichomoza upande wa Kigamboni na mnada wa samaki umepamba moto. Wanaopara samaki hawakutaka sura zao, wakaruhusu mikono tu. Kusema kweli, mikono ile yenye magamba imezipita sura zote nilizopiga!

Wengi hawaombi hela, wanataka picha yao. Nasafisha nakala ndogo nawapelekea. Fundi saa mmoja bado ananigomea.