Juisi yangu inashindwa kwenye kuonjwa, nibadili ladha? Naombeni ushauri

Mama Ukwaju:
Heshima kwenu wakuu. Nauza juisi ya ukwaju hapa Morogoro, nusu lita kwa buku. Yangu ina tangawizi na sukari ya wastani. Sasa jirani kaja na yake, tamu balaa, katia na vanila. Nikawaonjesha watu vikombe viwili bila kuwaambia ipi ya nani, wengi wakachagua ya jirani. Mauzo hayajashuka sana ila mume wangu ananiambia nibadili mapema. Nifanyeje?

Kijiwe cha Soko:
Dada, usiguse sufuria kwanza. Hivyo vikombe viwili viliwahi kuiponza Coca-Cola. Mwaka 1975 Pepsi walianzia Dallas kule Texas, mtu anaonja soda mbili bila kuona nembo, wengi wakaichagua Pepsi. Pepsi ina utamu zaidi, na kwenye funda moja utamu hushinda. Kumaliza chupa nzima ni habari nyingine. Coca-Cola wakaingiwa na hofu, wakaonjesha watu karibu 200,000, na tarehe 23 Aprili 1985 bosi wao Roberto Goizueta akatangaza ladha mpya. Ya zamani ikaondolewa sokoni. Simu za watu zikafika 1,500 kwa siku! Siku 79 tu, ikarudishwa kwa jina la Coca-Cola Classic.

Sidanganyiki:
Ule ulikuwa mchezo. Waliificha makusudi watu wapate hamu nayo.

Kijiwe cha Soko:
Mkuu, hoja hiyo ilimfikia Donald Keough, rais wa kampuni wakati ule. Akasema hawakuwa wajinga kiasi hicho, wala werevu kiasi hicho. Huku Pepsi wafanyakazi walipewa siku ya mapumziko kusherehekea.

Mhasibu wa Mtaa:
Mbona mnaongelea ladha tu, bei je? Pepsi yenyewe ilishakufa mara moja. Mwenye nayo, mfamasia Caleb Bradham wa New Bern, North Carolina, alinunua sukari ikiwa juu, bei ikaporomoka, 1923 akafilisika. Mwaka 1931 ikaangukia kwa Charles Guth wa kampuni ya pipi ya Loft, ambaye alikuwa na kinyongo na Coca-Cola kwa kumnyima punguzo. Chupa ya aunsi 12 akaiuza senti 10, haikutoka. Akashusha hadi senti 5, na kwa senti hizohizo Coca-Cola ilikuwa aunsi 6 na nusu. Hali ya uchumi Marekani wakati ule mbaya, watu hawana hela, nani angeuliza habari ya ladha? Jirani yako anauza ujazo gani?

Mama Ukwaju:
Buku hiyohiyo, lakini chupa yake ni ndogo kuliko yangu.

Mhasibu wa Mtaa:
Na unakaa kimya? Andika NUSU LITA kwa herufi kubwa, mteja aone.

Niko Jeddah:
Mimi naongezea, mama. Coca-Cola walifungua njia ya kiwanda Israel mwaka 1966, na nchi za Kiarabu zikawasusia kuanzia 1968 hadi 1991. Pepsi ikatamba huku miaka yote hiyo kwa sababu mwenzake hakuwepo rafuni. Watu wazima wa hapa bado wanaagiza Pepsi. Jirani yako amefika Msamvu stendi? Kama bado, wahi wewe.

Mama Ukwaju:
Hajafika, yeye anauzia nyumbani tu. Asanteni sana. Na nikitengeneza ya vanila pembeni, ya tangawizi ibaki palepale?

Kijiwe cha Soko:
Jaribu kidogo, siku za wikiendi tu, na kifuniko cha rangi nyingine wasichanganye. Isipotoka iache bila kinyongo. Coca-Cola ile mpya nayo iliachwa iuzwe pamoja na ya zamani, wakaja kuibatiza Coke II, mwaka 2002 wakaizika.