Wakuu, faili za .yuv zinageukaje kuwa picha? Kesho natakiwa kwa bi harusi

Mpiga Chabo: Habari za jioni wakuu. Nina fremu 214 za video ya sendofu, zote .yuv. Nimebadilisha jina zikawa .png, hazifunguki. Nikapata programu moja ikazifungua: watu wanaonekana vizuri, ila rangi ni kijani na zambarau, tena zimehama, zimekaa chini kidogo ya mtu kama kivuli. Msaada tafadhali, nimeshapokea hela.

Mama Ubwabwa: Hela unapokea kabla ya kazi? Vijana wa siku hizi!

Kitenge Cha Jana: Mimi harusi yangu ilirekodiwa kwenye mkanda. Mpiga video alisahau kutoa kifuniko cha lenzi, tukabaki na sauti ya MC dakika 40. Hadi leo mume wangu anaiga ile sauti.

Fundi Saa: Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Hiyo ni data ghafi, haina kichwa cha kusema upana wala urefu, lazima uiambie programu wewe. Faili moja ina baiti ngapi?

Mpiga Chabo: Ni HD ya kawaida tu mkuu, 1920 kwa 1080.

Fundi Saa: Sijauliza hilo. Baiti ngapi?

Jicho Kavu: Rahisi. Rudi kwenye MP4, toa fremu upya, lala.

Mpiga Chabo: MP4 haipo. Simu ilijaa, nikaifuta. Msinishambulie, fremu zenyewe zinakula kama MB 670. Halafu nimeshamwambia bi harusi albamu itakuwa nyeusi na nyeupe, staili ya kizamani. Amependa.

Mama Ubwabwa: Uongo juu ya uongo. Mpigie umwambie ukweli.

Bongo Lala: Kwa kweli nyeusi na nyeupe ni baiti 2,073,600 za kwanza, basi. Mwanga unatangulia, rangi zinafuata nyuma. Jamaa kasema uongo unaotekelezeka 😂

Jicho Kavu: Hii chai. Simu haitoi .yuv yenyewe, lazima uandike programu inayochukua fremu kwenye dikoda (kile kinachofungua video iliyobanwa). Aliyeweza hilo leo anashindwa kusoma ukubwa wa faili? Tena sukari imezidi.

Kitenge Cha Jana: Nami nilishangaa, sendofu ya katikati ya wiki?

Mpiga Chabo: Programu aliniandikia rafiki yangu, yuko safarini, hapatikani. Baiti ni 3,133,440 kila faili. Haya, furahini.

Fundi Saa: Ungeanza na hiyo tungeshalala. 1920 × 1080 × 1.5 (moja ya mwanga, nusu ya rangi) ni 3,110,400. Zako zimezidi 23,040. H.264, mfumo wa kubana video, inakata picha vipande vya 16 kwa 16, na 1080 haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo dikoda imejaza hadi mistari 1088. Zidisha 1920 × 1088 × 1.5 uone. Ile programu iliyozifungua imeanza kusoma rangi mistari 8 kabla haijafika, ndipo kivuli kinapotokea. Fanyia nakala ya faili moja, kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -f rawvideo -pix_fmt nv21 -s 1920x1088 -i fremu.yuv -vf crop=1920:1080:0:0 fremu.png

Mpiga Chabo: Kivuli kimeondoka! Ila sasa ukumbi mzima una sura za samawati.

Bongo Lala: Sendofu ya majini.

Fundi Saa: Rangi mbili zimepishana nafasi. Weka nv12 badala ya nv21. Na usifute .yuv hata moja kabla hujafungua PNG zote 214 kwa macho yako. JPEG utatengeneza mwisho, ya kupeleka kuchapisha.

Mpiga Chabo: Imekubali!! Kumbe gauni ni la rangi ya maziwa, mimi nilishaanza kulizoea la kijani. Sasa nimwambieje, maana alishaipenda nyeusi na nyeupe?

Jicho Kavu: Weka picha moja tuione.

Mpiga Chabo: Siwezi mkuu, ni sherehe ya watu.

Jicho Kavu: Chai.