Bima kubwa ya kichwa cha semi: matengenezo milioni 36, naambiwa nitalipwa 16.2. Nifanyeje?

Mleta mada
Wakuu, habari za kazi. Nina semi moja, kichwa na tela, bado nalipa mkopo benki. Wiki mbili zilizopita dereva akishuka mlima Kitonga na saruji, breki zilimgomea. Akaona bora aegemeze gari ukutani mwa mlima kuliko kwenda bondeni. Namshukuru Mungu, yeye na tingo walitoka na michubuko tu. Kabini imebonyea mpaka usukani umegusa kiti.

Nina bima kubwa, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe. Asesa, yule mkadiria hasara wa bima, amekubali matengenezo ya milioni 36, jana naambiwa nitalipwa milioni 16 na laki mbili. Sababu: kichwa nilikiandikisha kwa milioni 70, wao wanasema sokoni ni 140. Wakala ndiye alinishauri tushushe thamani ili ada ipungue. Nimedhulumiwa?

Kichwa na Tela
Pole sana mkuu. Kwa hesabu hujadhulumiwa. 70 ni nusu ya 140, kwa hiyo nusu ya hasara ni yako. Nusu ya 36 ni 18, toa eksesi (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) ya asilimia 10, inabaki 16.2. Angalia kwenye mkataba kipengele wanachokiita averaji.

Ila usisaini hati ya kukubali malipo kwanza! Hiyo 140 kaipanga nani? Leta mthamini wako. Akithibitisha kwamba siku ya ajali kichwa kilikuwa na thamani ya 100, unalipwa asilimia 70, yaani 25.2, kabla ya eksesi. Hapo ndipo pa kupigania.

Mpakani Tunduma
Pole ndugu yangu. Na tela je? Lina namba yake ya usajili, bima ya kichwa hailigusi kama halikuandikwa. Mimi langu lilipinda chesisi, nikalinyoosha kwa hela ya mfukoni, nikalia. Saruji nayo ina bima yake ya mzigo.

Wanaovuka kwenda Zambia na Kongo nao wasikie: kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka, inamlipa uliyemgonga huko, bati la gari lako hailitengenezi. Hakikisha bima kubwa imetaja nchi unazopita.

Fundi Mkuu
PF 90, ile ripoti ya polisi ya ajali, imeandikaje kuhusu breki? Trafiki akiandika laini za breki zilikwisha, watakwambia ni uchakavu, na uchakavu haulipwi. Hata hiyo 16 inaweza kuyeyuka.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu. PF 90 inasema paipu ya upepo wa breki ilipasuka. Laini nilibadilisha mwezi uliopita, risiti ninazo. Tela liliandikwa, halikuumia. Meseji za wakala akinishauri nishushe thamani bado ziko kwenye simu.

Kichwa na Tela
Hizo meseji zitunze kama hati ya nyumba. Andika barua ya pingamizi kwa kampuni, uambatanishe ripoti ya mthamini. Wakikaza, peleka TIRA, mamlaka inayosimamia bima, halafu kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na uwaone benki mapema: kama jina lao limo kwenye bima, malipo yanaweza kwenda kwao kwanza, ukabaki na kabini iliyobonyea na gereji inadai.

Mleta mada
Hilo la benki sikuliwaza kabisa. Kesho asubuhi naanzia huko, mchana mthamini anakuja gereji.