Noti zangu ni za APA toleo la 6, idara inataka la 7: nianzie wapi?

Mwalimu wa Kondele
Jumapili, saa tatu usiku

Hamjambo walimu wenzangu.

Nafundisha uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili katika chuo kimoja hapa Kisumu. Wanafunzi wangu ni wa ualimu, mwaka wa kwanza na wa pili, wengi wakisoma Kiswahili na Historia au Kiswahili na Dini. Noti zangu nilianza kuziandika 2014, nikazijenga juu ya toleo la 6 la mwongozo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) wa kunukuu na kuorodhesha marejeleo, lile la 2009. Kila mwaka nimeongeza kitu: mfano hapa, zoezi pale, insha ya mwanafunzi aliyeniruhusu nitumie kazi yake. Zimefika kurasa 64. Duka la kopi karibu na steji wanazo kwenye kompyuta yao, na mwanafunzi akiingia husema tu "nataka zile za Mwalimu wa uandishi", anachapishiwa.

Mwezi uliopita idara iliamua kwamba kuanzia muhula ujao kazi zote zifuate toleo la 7. Sina ubishi na uamuzi huo. Toleo lenyewe lilitoka Oktoba 2019, kwa hiyo sisi ndio tuliochelewa. Kinachonisumbua nitakieleza kwa kisa.

Muhula uliopita nilitoa jaribio la alama 30. Sehemu ya pili ni zoezi nililolitumia miaka yote: marejeleo kumi yenye makosa, na mwanafunzi anatakiwa ayasahihishe, kisha aandike aya moja inayonukuu vitabu viwili kati ya hivyo. Kijana mmoja mtulivu, wa kukaa nyuma karibu na dirisha, aliandika hivi:

Wamitila, K. W. (2003). Kamusi ya fasihi: Istilahi na nadharia. Focus Publications.

Nikamkata alama kwa kuacha mji. Mwongozo wangu wa kusahihisha unasema "Nairobi: Focus Publications", na nukta mbili zake. Kwenye aya akaandika "(Massamba na wenzake, 1999)" mara ya kwanza kabisa alipoitaja SAMIKISA (Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu), badala ya kuwataja wote watatu, Massamba, Kihore na Hokororo. Nikamkata tena. Kwa jumla alipoteza alama nne.

Alikuja ofisini na simu mkononi. "Mwalimu, samahani, naomba nikuonyeshe kitu." Akanionyesha. Toleo la 7 limeondoa mji wa mchapishaji, na kazi ya waandishi watatu au zaidi hutajwa kwa jina la wa kwanza tu tangu mara ya kwanza. Kijana alikuwa sahihi kote kuwili.

Alama zake nilimrudishia palepale. Lakini usiku ule nilikaa nikiwawaza wale wa miaka ya nyuma walioandika kama yeye, nikawakata, wakanyamaza kwa sababu mwalimu ndiye aliyesema.

Sasa nimefungua noti ili nizirekebishe, na kila ninapogusa naona pengine panabomoka. Nimeandika "tazama Sura ya 6" mara kumi na tisa kwa habari ya nukuu. Katika kitabu kipya nukuu ziko Sura ya 8, na orodha ya marejeleo imehamia ya 9, mifano yake ikitoka ya 7 kwenda ya 10. Zaidi ya hayo, nusu ya darasa wana kopi za zamani walizorithi kwa dada na kaka zao. Kurasa 64 kwa shilingi tatu ni shilingi 192, na mimi ninawajua wanaopika uji jioni ili wafike mwisho wa wiki. Siwezi kusimama mbele yao niseme tupeni mlizonazo.

Nina wiki tatu. Nianzie wapi? Na ninyi mnaofundisha kwa Kiswahili, ile "et al." (Kilatini cha "na wengine") mnaiandikaje?


Mkufunzi mstaafu, Njoro
Jumapili, saa nne na nusu usiku

Mwalimu, pole. Na huyo kijana mpe hongera zangu.

Nilipitia hili mara moja, toleo la 5 la 2001 lilipolipisha la 6. Nilifanya kosa ambalo naona unakaribia kulifanya: nilianzia ukurasa wa kwanza. Nikarekebisha utangulizi vizuri sana, nikarekebisha sura ya aya na hoja, muhula ukafika katikati nikiwa bado sijagusa mazoezi. Matokeo yake darasani nilifundisha kanuni moja, na zoezi la Ijumaa likadai nyingine. Wanafunzi walichanganyikiwa, na haki ilikuwa yao.

Anzia mwisho. Kwanza mwongozo wa kusahihisha, maana huo ndio unaotoa na kunyima alama. Halafu mazoezi. Halafu mifano. Maelezo yaache nyuma kabisa, kwa sababu ndiyo yanayozeeka polepole. Kwa nini tunataja tulikochota, namna ya kusema wazo la mwenzio kwa maneno yako bila kuliiba, namna ya kuuleta ushahidi ukae chini ya hoja: hakuna hata moja kati ya hayo iliyobadilika 2019. Ukihesabu, nadhani zaidi ya nusu ya kurasa zako 64 ni za namna hiyo.

Lile zoezi la makosa ndilo la kuogopa kuliko yote. Chukua marejeleo yako kumi, moja baada ya jingine, ujiulize: hili bado ni kosa? Yaliyogeuka, yaani kosa la zamani limekuwa jibu, usiyatupe. Yaandike kwa sura zote mbili, umwulize mwanafunzi ipi ni ya toleo la 6 na ipi ya la 7, na ameijuaje. Mwenye kopi ya kurithi atakuwa na jibu la upande mmoja tayari mkononi, ajifunze la pili. Na atakapokwenda kusoma tasnifu za zamani maktabani hatashangaa kukuta miji ya wachapishaji.

Namba za sura ziondoe ndani ya noti. Andika jina la mada: "tazama idadi ya waandishi katika nukuu". Kisha weka jedwali moja mwishoni linaloonyesha mada ipi iko sura gani. Toleo la 8 likija, utagusa ukurasa mmoja.


Mwalimu wa Kondele
Jumapili, saa tano usiku

Ahsante sana, Mwalimu wangu. Kuanzia mwisho sikuwa nimekufikiria kabisa. Lakini wale wa mwaka wa pili nitawafanyaje? Mwaka jana niliwafundisha mji uandikwe, mpaka tukauimba.


Mkutubi, Kakamega
Jumatatu, saa mbili asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi sifundishi, nakaa dawati la maktaba, na ninakutana na wanafunzi wenu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Kwa hiyo nitasema yale yanayowakwamisha.

Orodha ya marejeleo sasa hutaja waandishi hadi 20. Zamani walikuwa saba. DOI, ile namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi mtandaoni, huandikwa kama anwani kamili ya https://doi.org/ na si neno "doi" na nukta mbili. "Imepatikana kutoka" limeondoka, isipokuwa kwa ukurasa ambao yaliyomo hubadilika kila mara, na hapo unaweka na tarehe uliyousoma. Taasisi ikiwa ndiyo mwandishi na ndiyo mchapishaji, hairudiwi. Nawaona bado wanaandika "Nairobi: Mwandishi" kwenye ripoti za wizara kwa sababu toleo la 6 lilitaka hivyo. Kile kichwa kifupi cha herufi kubwa juu ya kila ukurasa, mwanafunzi hahitajiki kukiweka tena ila mwalimu wake akitaka. Ukurasa wake wa kwanza unabeba kichwa cha kazi, jina lake, chuo, kozi, mwalimu na tarehe. Na mwandiko si lazima uwe Times New Roman 12. Calibri 11, Arial 11 na Georgia 11 zimeruhusiwa.

Jambo moja ambalo walimu wengi hawalijui: mwanafunzi anaweza kufuata noti zako mpya neno kwa neno halafu kompyuta ikamwangusha. Kwenye kompyuta zetu, sehemu ya marejeleo ya programu ya Word bado inatoa APA ya toleo la 6. Anabonyeza, mji unarudi wenyewe. Waambie mapema waangalie namba ya toleo kabla ya kubonyeza. Nimeona binti akilia hapa dawatini, ameandika yote vizuri kwa mkono, kisha mashine ikamharibia.


Mwalimu wa Bungoma
Jumatatu, saa kumi na moja jioni

Mwalimu mwenzangu, nijibu la "et al." kwanza. Kazi ikiwa kwa Kiswahili, andika "na wenzake". Alama ile ya "&" ndani ya mabano nasi tunaiandika "na", na kurasa ni "uk.", hata kama mwongozo wa Wamarekani una kifupi chake. Wapo wenzetu wanaoshikilia "et al." kwa kuwa ni Kilatini na si mali ya lugha yoyote hai, na hoja yao ina uzito. Kinachoua wanafunzi ni mwalimu wa chumba hiki kudai hili na wa chumba cha pili kudai lile. Ombeni idara iandike ukurasa mmoja, uwekwe sahihi, ubandikwe. Ukurasa huo pia useme SAMIKISA ni Massamba, Kihore na Hokororo 1999, na SAMAKISA (Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu) ni Kihore, Massamba na Msanjila 2003. Wanafunzi huzichanganya kila mwaka, na sasa kwa kuwa jina la kwanza tu ndilo linalobaki kwenye nukuu, akikosea mpangilio amekosea kitabu kizima.

Pili, usiupokee mwongozo wote kama ulivyo, wala usiuruke pale unapoonekana hautuhusu. Toleo la 7 linaruhusu "they" ya Kiingereza kwa mtu mmoja. Sisi hatuna haja nayo. "Yeye" na ile "a-" ya kitenzi hazijawahi kuuliza kama ni mume au mke. Walimu wengi wakifika hapo huikata sura nzima ya 5, ile ya lugha isiyobagua. Msiikate. Kiswahili kina kazi yake humo. Mwanafunzi wangu aliandika "zeruzeru" mara saba katika insha ya kurasa nne, bila nia mbaya, ndilo neno alilolelewa nalo. Tulikaa naye tukaandika "mtu mwenye ualbino". Somo hilo halimo katika mifano ya Kiingereza. Ni wewe utakayeliandika.

Tatu, na hili linanigusa zaidi. Wanafunzi wetu hukusanya nyimbo na methali. Huku kwetu wanakwenda kwa wazee wa Kibukusu kuuliza nyimbo za jando, wanarudi na daftari limejaa, halafu hawajui mzee awekwe wapi. Wengine humweka kwenye orodha ya marejeleo kama kitabu. Wengine humwacha kabisa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mzee ndiye aliyetoa maarifa. Wafundishe hivi: mzee aliyehojiwa kama sehemu ya utafiti, maneno yake ni data, unaeleza kwenye mbinu za utafiti ulivyomhoji, na hatajwi kwa mfumo wa nukuu. Lakini ukitumia maarifa simulizi ambayo hayajarekodiwa mahali popote, na mwenyewe si mshiriki wa utafiti wako, toleo la 7 limekuwekea utaratibu: ndani ya matini taja jina lake kamili, jamii yake, mahali anapoishi, useme ni mawasiliano binafsi, na uweke tarehe. Kwenye orodha haingii, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafuata. Na kabla ya yote umwombe ruhusa ya kumtaja. Toleo la 6 halikuwa na mwongozo huo wa maarifa simulizi ya jamii. Kama ningekuwa na saa moja tu ya kufundisha tofauti za matoleo haya mawili, ningeitumia hapo, si kwenye mji wa mchapishaji.

Wa mwaka wa pili: muhula wa kwanza wasahihishie kwa wino wa toleo la 7 bila kuwakata alama. Muhula wa pili wakate.


Mkufunzi mstaafu, Njoro
Jumatatu, saa mbili usiku

Naungana na Mwalimu wa Bungoma, ila kwa wanaoandika tasnifu tayari, waacheni wamalize na toleo walilotoka nalo, mradi wawe na moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuwahamisha sura ya nne ni kuwaonea.


Mwalimu wa Kondele
Jumatano, saa tatu usiku

Nimerudi. Jana na leo nimekaa na mwongozo wa kusahihisha peke yake. Kati ya yale marejeleo kumi, manne yamegeuka: mawili ya mji, moja la "Mwandishi", moja la DOI. Nimeyaandika kwa sura mbili kama Mwalimu wa Njoro alivyosema, na nimeona zoezi limekuwa zito kuliko lilivyokuwa, kwa maana nzuri.

Sitachapisha kurasa 64 upya. Nimeandika kurasa tatu za nyongeza, pamoja na jedwali la mada na sura, mwenye kopi ya zamani azipachike mbele. Ni shilingi tisa. Nimepita dukani kwa steji, faili la zamani limebaki pale lakini sasa jina lake linasema "toleo la 6", na za nyongeza ziko kando yake.

Sehemu ya wazee sina hata mstari mmoja kwenye noti zangu. Miaka yote hii nawatuma wanafunzi Siaya na Homa Bay kukusanya methali za Kijaluo, na sijawahi kuwaambia waombe ruhusa ya jina. Naiandika wiki hii. Mwalimu wa Bungoma, ukiwa na mfano wa nukuu ya aina hiyo uliowahi kuutumia darasani, naomba unitumie.

Jibu la yule kijana nimeliweka kuwa mfano wa kwanza katika kurasa za nyongeza. Nilimpigia kumwomba ruhusa. Amekubali, ila ameomba jina lake lisiandikwe.