Kazakhstan: miji ya kiwanda kimoja iliuawa na soko au na serikali?

Wakuu, kila tukigusa nchi zilizotoka Umoja wa Kisovieti hoja huwa ile ile: viwanda vilikuwa mzigo, soko huria likapepeta, miji isiyojiweza ikafa. Kwa Kazakhstan nakataa, na naomba tubishane tukiwa na ramani mezani.

Nchi ile ilitangaza uhuru tarehe 16 Desemba 1991, jamhuri ya mwisho kujitoa. Ina kilomita za mraba milioni 2.7 na haina njia ya bahari kuu. Mafuta yake mengi yako magharibi, Atyrau na Mangystau. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Pavlodar kiko kaskazini mashariki, na kilijengwa kitumie mafuta ya Siberia yanayokuja kwa bomba kupitia Omsk! Ya magharibi mengi yakaenda kusafishwa Urusi. Umeme nao vivyo hivyo: kaskazini ilifungwa kwenye gridi ya Urusi, kusini kwenye gridi ya Asia ya Kati. Moscow ilipanga uchumi wa nchi moja, kisha mipaka ikapita katikati yake. Ghafla mteja ni mgeni na mwenye bomba ni mgeni. Kiwanda kikifia hapo, utasemaje kimeshindwa ushindani?

Chukueni Zhanatas, mji wa migodi ya fosfeti kule kusini. Miaka ya 1990 kazi ilisimama, mishahara ikakwama, watu wakahama, maghorofa yakabaki matupu. Miji ile hupashwa joto na mtambo mmoja unaosukuma maji ya moto kwenye mabomba ya kila nyumba. Mtambo ukizimika wakati wa baridi kali, hakuna kuvumilia. Viwanda vya Tanga vilipofungwa, mtu aliweza kushika jembe au kwenda baharini, mji ukaendelea kuwa mji. Kule unafunga mizigo.

Mtasema serikali haikuwa na fedha. Mwanzoni, kweli. Lakini mwaka 1993 ilikuwa imeshaingia ubia na Chevron, kampuni ya Marekani, kwenye mafuta ya Tengiz kule magharibi, na mwaka 2001 bomba la kwenda Novorossiysk, bandari ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi, la kilomita 1,500 hivi, likafunguliwa. Katikati ya hayo, mwaka 1997, makao makuu yalihamishwa kutoka Almaty kwenda Akmola, ambayo leo ni Astana. Sababu zilikuwepo: Almaty iko pembezoni, tena kwenye ukanda wa matetemeko. Siupingi uhamisho wenyewe, na sisi tuna Dodoma yetu. Ninachosema ni kwamba hakuna soko lililochagua kujenga mji ule nyikani. Aliyechagua ni Nazarbayev, rais wa wakati huo, na serikali yake. Basi na kuiacha Zhanatas nako kulikuwa kuchagua.

Zhanaozen, mji wa mafuta kule Mangystau, ndiyo inayoniuma zaidi. Desemba 2011 polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa mafuta waliokuwa wamegoma, wakaua. Januari 2022 maandamano yakaanzia hapo hapo, safari hii kwa sababu ya bei ya gesi ya magari.

Najua kuna atakayeniletea Temirtau, ambako kiwanda cha chuma kiliuzwa kwa kampuni ya Mittal mwaka 1995 na mji ukapona. Sawa, ajira zilibaki. Ila Oktoba 2023 mgodi wa makaa ya mawe wa Kostenko, uliokuwa chini ya mwekezaji huyo huyo, uliua watu 46, na mwaka huo huo serikali ikaichukua kampuni.

Mnaotetea soko, nijibuni hili moja: fedha za Tengiz zilipoanza kuingia, nani aliamua ziende Astana kabla ya Zhanaozen, na kwa hesabu gani?