Naomba ushauri: kigari chepesi cha mtoto cha kusafiria

Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa miezi 9, tunaishi Tabata ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mwezi ujao tunapanda treni ya SGR kwenda Dodoma, na Desemba ndege hadi Mwanza kwa bibi yake.

Kigari tulichozawadiwa ni kizuri ila kina kilo 13, na kukikunja kunataka mikono miwili. Mtoto umuweke wapi? Kwenye basi la mwendokasi nilijaribu mara moja, sirudii. Nikanunua cha mtumba Kariakoo, kile kinachokunjwa kama mwavuli. Chepesi kweli, lakini mgongo haulali, akisinzia shingo inaning'inia, na vigurudumu vinakwama kwenye kila mchanga. Mbeleko naitumia, ila kwa joto hili la Dar tunalowana wote wawili.

Naona watu wanasifia Babyzen YOYO, kama kilo 6 hivi, ila bei yake inanitoa jasho kuliko zile ngazi.

Kuna aliyetumia vya aina hiyo kwenye njia zetu za mashimo, magurudumu yanadumu? Na kwenye ndege za ndani, mliingia nacho au mlikiacha mlangoni?